Nani Alitunga Wimbo wa Dhoruba?

Kuna bwana mmoja mwenye upara anaishi ndani ya kinu cha upepo katika kijiji cha Kakariko, na kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikigombana na watu kwa sababu yake. Nimegombana bwenini chuoni, nimegombana kwenye daladala, na Desemba iliyopita nimegombana na binamu yangu wa miaka kumi na tisa mpaka shangazi akatuambia tutoke nje tukamalizie huko mambo yetu ya katuni.

Kwa ambao hawajacheza The Legend of Zelda: Ocarina of Time, iliyotoka Novemba 1998 kwenye Nintendo 64, mambo yako hivi. Link ni mtoto wa msituni. Anachomoa upanga katika Hekalu la Wakati, analala miaka saba, anaamka mtu mzima na kukuta nchi ya Hyrule imeshikwa na dhalimu anayeitwa Ganondorf. Kuanzia hapo anaweza kwenda na kurudi: akiurudisha upanga mahali pake anakuwa mtoto, akiuchomoa anakuwa mkubwa. Basi Link mkubwa anaingia kwenye kile kinu na kumkuta bwana mwenye upara akizungusha mkono wa santuri kwa hasira. Analalamika kwamba miaka saba iliyopita mtoto mmoja mwenye okarina, ile filimbi ya udongo yenye umbo kama la yai, alikuja akapiga wimbo wa ajabu, kinu kikazunguka kama kimepagawa, na tangu siku hiyo wimbo haujamtoka kichwani. Link anatoa okarina yake. Bwana anamfundisha. Link anarudi utotoni, anaingia kwenye kinu kilekile, anaupiga ule wimbo, kinu kinapagawa na kisima cha kijiji kinakauka. Mtoto mkorofi alikuwa yeye mwenyewe.

Haya, niambie: wimbo ulitoka wapi? Bwana aliupata kwa Link. Link aliupata kwa bwana. Hakuna siku ambayo mtu alikaa chini akautunga. Nje ya gemu tunamjua mtunzi, ni Koji Kondo, na mshahara wake alilipwa. Lakini ndani ya Hyrule wimbo ule hauna baba wala mama.

Huu ndio ufa maarufu kuliko yote katika mfululizo wa Zelda, na watu wengi hudhani ndio mkubwa kuliko yote. Mimi nadhani si ufa kabisa. Nitaeleza kwa nini, na nitaonyesha ninapodhani ufa wenyewe upo, ila kwa kufanya hivyo itabidi niseme miisho ya gemu kadhaa. Kama bado hujamaliza Tears of the Kingdom na unapanga kumaliza, ishia hapa uje siku nyingine.

Tuanze na kosa halisi la Ocarina, ambalo watu huliruka. Gemu ile haina kanuni moja ya wakati. Ina tatu. Wimbo wa Dhoruba unatuambia yaliyopita hayabadiliki: bwana alishakasirika kabla Link hajarudi kumkasirisha. Lakini kuna mbegu za maharage ya uchawi. Link mtoto ananunua kwa bwana mmoja kando ya mto, anazipanda kwenye udongo laini, na akiwa mkubwa anakuta jani kubwa la kumbeba hewani. Asipopanda, hakuna jani. Kwa hiyo kwenye maharage yaliyopita yanabadilika. (Muuza maharage naye kila ukinunua anapandisha bei. Mbegu ya kwanza rupia 10, ya pili 20, hivyo hivyo mpaka ya kumi rupia 100. Anawashinda wauza nyanya wa mwezi wa mfungo.) Kisha unafika mwisho: Ganondorf kafungwa, na Zelda anamrudisha Link utotoni akaishi ile miaka aliyoibiwa. Hapo kanuni ya tatu inaingia, maana dunia aliyoiacha haifutiki. Inaendelea bila yeye. Wakati umepasuka njia panda.

Mwalimu yeyote wa mantiki angeipa gemu hii sifuri. Mchezaji haimsumbui, na mimi haikunisumbua nilipoicheza mara ya kwanza kwenye kompyuta ya kuazima ya rafiki yangu wa chumba, usiku, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Iringa. Tuliosoma Nagona ya Kezilahabi hatuna haki ya kudai wakati utembee mstari ulionyooka. Swali langu lilikuwa tofauti kabisa, nalo sikulijua mpaka nilipocheza gemu iliyofuata upande ule wa pili wa njia panda.

The Wind Waker ilitoka mwaka 2002. Inaanza kwa kusimulia kwamba uovu ulirudi Hyrule, watu wakamngoja shujaa aje kama alivyokuja zamani, na shujaa hakuja. Nchi ikafunikwa na bahari.

Simama hapo kidogo. Shujaa hakuja kwa sababu Zelda alimrudisha nyumbani. Alifanya wema. Mtoto aliyeporwa utoto alirudishiwa utoto wake, na bili ikaenda kwa watu ambao hawakuwa wamezaliwa. Kwenye upande mwingine wa njia panda, ule wa Twilight Princess ya mwaka 2006, Link aliyerudi mtoto ameshatoa taarifa mapema, Ganondorf akakamatwa na kupelekwa kuuawa, na hukumu ile ikaenda kombo. Kwa maneno mengine, pande zote mbili zinalipa. Waandishi waliitazama njia panda ambayo wangeweza kuificha chini ya mkeka, wakaifanya kidonda cha hadithi. Mfalme wa Hyrule katika Wind Waker ana nafasi ya kuomba nchi yake irudi juu ya maji, na anaomba maji yaimalize, ili wale watoto wawili waliosimama mbele yake watafute nchi yao wenyewe. Naye anabaki chini pamoja na nchi yake. Sijui riwaya nyingi zinazothubutu hivyo.

Watetezi wa mfululizo huu wana jibu moja la haraka kwa kila lawama: "Jina lenyewe linasema ni hekaya, na hekaya husimuliwa kwa namna nyingi." Ni jibu tamu, na lina ukweli nusu. Chukua Fumo Liongo wa pwani yetu. Kuna wanaosema aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni ni mwanawe, kuna wanaosema ni mpwawe. Mji unabadilika, hila ya kutoroka gerezani inabadilika. Hayo hayamkeri msikilizaji. Lakini sijapata kusikia toleo ambalo Liongo anachomwa sindano, anapiga magoti kisimani na upinde wake mkononi, watu wanaogopa kuja kuteka maji, halafu jioni anasimama, anajipangusa kitovu na kwenda zake. Msimulizi ana uhuru wa kubadilisha nani kamchoma. Akibadilisha gharama, amesimulia kitu kingine.

Kwa hiyo hekaya haimpi mtu ruhusa ya kufanya lolote. Na isitoshe, Nintendo wenyewe hawakukubali kuishia kwenye hekaya. Desemba 2011, katika kuadhimisha miaka 25 tangu gemu ya kwanza ya mwaka 1986, kilitoka Japani kitabu cha Hyrule Historia, na ndani yake mkondo rasmi wa wakati ukiwa umechorwa. Mashabiki waliotegemea njia mbili baada ya Ocarina walikuta tatu. Njia ya tatu: Link alipigana na Ganondorf akashindwa. Huko ndiko zilikopelekwa gemu za zamani, A Link to the Past ya 1991 na zile mbili za mwanzo kabisa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ndio ukuta wenyewe. Hakuna mchezaji aliyewahi kuuona mwisho huo kama mwisho; ukifa unabonyeza kitufe unaendelea. Na kama kufa kunazaa dunia mpya, kwa nini kuzae hapo tu? Mimi nimeshakufa kwenye Hekalu la Maji mara zisizohesabika, dunia zangu ziko wapi? Hata hivyo nitasema jambo ambalo wenzangu hawapendi: wazo lenyewe ni zuri. Dunia iliyojengwa juu ya kushindwa kwako ni kitu kizito. Tatizo ni kwamba liliandikwa kwenye mchoro miaka kumi na tatu baadaye, bila tukio, bila mtu kulia, bila chochote. Lilikuja kama masahihisho ya gazeti.

Na masahihisho ya gazeti nayajua. Miaka yangu ya mwanzo kwenye chumba cha habari niliandika habari ya ajali ya barabarani iliyowakumba ndugu wawili, mmoja akafa, mwingine akalazwa. Nikabadilisha majina. Nilimwua aliye hai. Kesho yake tukachapa masahihisho, mistari minne, ukurasa wa ndani, na mhariri akaniambia yameisha. Miezi kadhaa baadaye yule niliyemwua alinipigia simu. Hakunitukana. Alisema mama yao ameikata ile habari ya kwanza na ameitunza kwenye Biblia, kwa sababu ilikuwa siku moja ambayo kwa saa chache aliambiwa mwanawe mkubwa yuko hai. Masahihisho hakuyataka. Mimi tangu hapo nikisikia mtu anasema hadithi "imerekebishwa", nauliza imerekebishwa kwa nani.

Ndiyo maana katika mfululizo mzima ninaithamini zaidi Majora's Mask ya mwaka 2000, gemu ya siku tatu. Mwezi unaanguka juu ya mji, Link anapiga wimbo, siku ya kwanza inaanza tena. Anakumbuka yeye tu. Unamsaidia msichana anayemngoja mchumba wake aliyetoweka, unahangaika siku zote tatu, mchumba anafika dakika za mwisho kabisa, wanakaa wamekumbatiana wakiungoja mwezi. Kisha unapiga wimbo, maana lazima uupige, na asubuhi msichana yuko kaunta ya nyumba ya wageni, anangoja upya, hakufahamu. Ulichofanya hakikufanyika.

Sasa gemu hiyohiyo ina benki. Pesa ulizo nazo mfukoni zinapotea siku zikirudi mwanzo, lakini ulizoweka benki zinabaki. Mhudumu anakupiga muhuri, na siku ya kwanza inaporudi anausoma muhuri, salio lako lipo palepale. Wakati umerudi, mwezi umerudi juu, wafu wamefufuka, ila leja ya benki imepona! Huo ni ufa wa kupitisha fuso. Na hakuna hata mmoja niliyewahi kugombana naye kwa ajili yake. Kwa sababu benki haikurudishii yule msichana. Inakurudishia rupia. Gharama ya kweli ya hadithi haijaguswa, kwa hiyo tunacheka na kusonga mbele.

Skyward Sword ya mwaka 2011 nitaipitia haraka kwa sababu inachosha. Inarudia mchanganyiko wa Ocarina bila utamu wake. Kuna bikizee anayevaa bangili ambayo, tunakuja kujua, alipewa na Zelda zamani za kale, na alikuwa ameivaa tangu tulipomwona mara ya kwanza, yaliyopita hayabadiliki. Kuna mche wa mti unaoupanda zamani, na mti unatokea sasa baada ya kuupanda tu, yaliyopita yanabadilika. Na kuna adui mkuu, Demise, anayemalizwa zamani na mabaki yake kufungiwa ndani ya upanga, ilhali zimwi lilelile tumepigana nalo mara tatu katika wakati wetu. Kama alimalizwa kule, tulikuwa tunapigana na nani? Lakini bangili ile inafanya kazi. Bikizee anapoinyoosha mbele yako na kutoweka, unaelewa amengoja muda gani.

Kungoja. Hapo ndipo tunafika kwa binamu yangu na ugomvi wa Desemba.

Tears of the Kingdom ya mwaka 2023 iliongozwa na Hidemaro Fujibayashi, yuleyule aliyeongoza Skyward Sword. Zelda anaanguka shimoni na kutupwa zamani, enzi za mfalme Rauru na malkia Sonia. Upanga wa Link uliovunjika unamfikia huko. Ili upone unahitaji kulowa katika nguvu takatifu kwa miaka mingi mno kuliko umri wa mtu. Kuna njia moja: kumeza jiwe la siri na kuwa joka lisilokufa. Ameonywa. Ukimeza, unapotea, mwili unabaki, wewe haupo. Jambo limekatazwa. Zelda anameza. Anaruka angani maelfu ya miaka akiwa na upanga kichwani, hajijui, hamjui yeyote, mpaka siku Link anapokuja kuuchomoa.

Niliposhika kile kitufe cha kuchomoa upanga mikono ilitetemeka, sioni aibu kusema. Nilikuwa nimemwona joka yule tangu saa za kwanza za gemu, akipita mbali, nikadhani ni pambo la mbingu.

Mashimo madogo yapo. Kama alikuwa angani maelfu ya miaka, kwa nini hakuonekana katika Breath of the Wild, gemu iliyotangulia? Watetezi husema aliruka juu ya mawingu, sawa, napokea. Baya zaidi ni kwamba kumbukumbu unaweza kuziona mapema upendavyo, ukajua Zelda ni joka, na bado Link anazunguka nchi nzima akiwaona watu wanamtafuta Zelda, wanadanganywa na Zelda wa bandia, naye kimya. Hasemi! Ametokea mbinguni na habari kubwa kuliko zote na anawaacha wenzake wahangaike. Huo ni uvivu wa uandishi, na uhuru wa kuchagua njia si kisingizio. Mstari mmoja wa mazungumzo ungetosha.

Lakini si huo ninaogombania. Mwishoni, Ganondorf akishaanguka, roho za Rauru na Sonia zinamsaidia Link, na joka anarudi kuwa Zelda. Mzima. Anafumbua macho kama aliyeamka usingizi wa mchana. Mkono wa Link, ule uliooza mwanzoni ukabadilishwa, nao umerudi.

"Kaka, sasa ulitaka abaki joka milele?" binamu aliniuliza. "Watu wamecheza saa mia na kitu. Wamuache angani?"

Na akaniwekea hoja ambayo, kwa haki, ni nzuri. Kimantiki mwisho ule hauna kosa. Nguvu ya Sonia ni kurudisha vitu katika hali iliyopita. Zelda anayo nguvu hiyo. Link mwenyewe anaitumia gemu nzima, anarudisha mawe na magurudumu yalikotoka. Mwandishi alitandika mkeka tangu saa ya kwanza. Kwa kipimo cha mantiki, kurudi kwa Zelda kumejengwa vizuri kuliko maharage, bangili na mkondo wote wa Hyrule Historia.

Nilikubali kila neno. Ndiyo maana nimeanza na bwana wa kinu. Wimbo wa Dhoruba hauwezekani na haudanganyi: hakuna aliyelipa kitu kisha akarudishiwa kwa siri. Kurudi kwa Zelda kunawezekana kabisa, na kunarudisha nyuma ile saa mikono yangu ilipotetemeka na kuniambia ilikuwa bure, alikuwa anakopa tu. Onyo la kupotea lilikuwa sauti ya kutisha watoto. Maelfu ya miaka ya kungoja yamemwacha bila hata mvi moja. Sidai abaki joka. Angerudi na kitu kimepungua. Asiijue sauti ya Link mwezi mmoja. Ashindwe kulala chini ya paa. Chochote. Link mwenyewe katika Breath of the Wild aliamka baada ya miaka mia moja amepoteza kumbukumbu, na gemu nzima ilijengwa juu ya huo upungufu. Hawa ni watu wanaojua kufanya kazi hii.

Binamu akafikiri kidogo. "Lakini kaka, wewe ungekuwa na uwezo, yule ndugu wa kwenye gazeti usingemrudisha?"

Ningemrudisha. Saa hiihii, bila kuuliza kanuni ya wakati. Na mama yake asingeuliza pia. Nilimwambia hivyo, na nikamwambia kwamba labda ndiyo sababu mwisho ule unaniudhi kiasi hiki: kwa nusu dakika niliutaka kuliko nilivyowahi kutaka mwisho wowote, na wao waliujua udhaifu wangu wakanipa. Shangazi akaita chai. Tukaacha hapo, hakuna aliyeshinda.

Usiku ule nikaiwasha tena Majora's Mask, nikaenda mpaka makaburi ya Ikana. Kuna mzimu wa mtunzi wa nyimbo pale, umefungiwa chini ya ardhi, na ukimkomboa anakufundisha wimbo. Ni Wimbo wa Dhoruba. Link anaupokea kama hajawahi kuusikia maishani mwake. Yule mtoto ambaye upande wa pili wa wakati aliufundisha mwenyewe na kufundishwa mwenyewe, anasimama gizani na okarina yake, anajifunza noti moja moja upya. Wanaopenda mikondo wamepigania tukio hilo miaka mingi. Mimi nilikaa kuutazama uso wake, halafu nikatoka nje ya pango kuupiga, mvua ikaanza kunyesha.